Mshenga Aliyejibu kwa Kumbukumbu

Zaina mwanangu, wewe uliyefunga mlango ukajifanya umelala, kumbe nasikia zipu ya begi inakwama,

Tangu nianze kazi ya ushenga, na niliianza kabla mama yako hajanijua, sijawahi kupoteza neno la mtu njiani. Nimepanda Mlalo na kushuka Mombo, nimekatiza makorongo ya Bumbuli wakati wa matope, na maneno ya watu nimeyabeba kifuani kama mayai. Kila neno nililifikisha lilivyotoka, bila kupungua wala kuchuja. Waulize watu wa Soni. Waulize wa Kwai.

Usiwaulize. Huo wote ni uongo, na wewe ndiye mtu wa mwisho ambaye ningeweza kumdanganya nao. Neno moja lilipotea na lilikuwa lako. Najua unajua. Na wewe unajua kwamba najua unajua. Mwezi mzima tumekula ugali humu ndani kama wapangaji wawili, kila mmoja anamsubiri mwenzake atangulie kuzima taa. Kesho alfajiri unapanda gari la kushuka Mombo, na kutoka hapo Dodoma, na mdomo wangu huu uliowaoza mabinti wa nusu ya Lushoto umekataa kufanya kazi. Ndiyo maana naandika. Mwandiko ni wa darasa la nne, ukikuta herufi imelala iamshe mwenyewe.

Habari za sweta na kula kwa wakati sizitaji. Mtu anayekwenda kulinda chumba kizima cha seva za watu hahitaji kuambiwa na mzee afunge kamba za viatu. Isitoshe, ushauri wangu umeshakugharimu vya kutosha.

Nianze na makontena, maana hapo angalau nilikuchekesha. Ulikuwa umetoka chuo na ile kompyuta kuukuu, ukaiweka juu ya meza ya cherehani ya marehemu mama yako. Mimi nilikuwa Soni nimekaa na wenzangu kwenye kahawa. Ukanipigia simu ukaniambia leo umepandisha makontena matatu. Sasa mimi kontena ninalolijua ni lile la bati nene linalotoka bandarini Tanga, mtu analitua kando ya barabara, analitoboa dirisha na kuuza vocha na sabuni. Mwenye matatu ni tajiri. Nikawatangazia wenzangu pale pale. Nikarudi na kamba ya kupimia uwanja, nikamwamuru jirani ahamishe mbuzi wake. Ulipotoka nje ukanikuta nimeshapigilia vigingi viwili, ulicheka mpaka ukakaa kwenye matope.

Ukanieleza. Kontena lako wewe ni programu iliyofungiwa kwenye chumba chake pamoja na kila inachohitaji, ili isigombane na mwenzake. Ulikuwa na moja la kikundi cha wakulima, la kutangaza lori la mboga linaondoka lini. Jingine la nyumba za wageni. Jingine la madrasa, la ratiba. Yote matatu ndani ya kompyuta moja iliyokuwa inakohoa kuliko mimi. Nikauliza, mgeni akija atajuaje aingie chumba kipi? Ukasema mgeni haingii chumba chochote. Mbele kuna programu moja inakaa mlangoni, yenyewe ndiyo inayopokea wote. Inasikiliza mtu anataka nini, inakwenda ndani kwenye kontena husika, inaleta jibu mkononi mwake yenyewe. Mgeni hajui ndani kuna vyumba vingapi, na hana haja ya kujua. Ukasema wataalamu wanaiita proksi.

Nikakwambia wataalamu wamechelewa. Huyo ni mshenga.

Na tangu siku hiyo humu ndani hakuna aliyesema proksi tena. Tulisema mshenga kalala, mshenga kaamka, mshenga hajasoma mipangilio mipya. Siku moja kontena la wakulima lilikataa wageni wote. Ukahangaika, ukagundua kwamba mshenga wako alikuwa anapeleka maombi bila kutaja mwenye ombi, na programu kule ndani ikaona mtu yule yule anabisha hodi mara mia, ikamfungia kwa usumbufu. Ukaongeza mstari wa kumwambia kila akiingia aseme katumwa na nani. Nilijisifu wiki nzima, eti hilo hata mimi ningekwambia, mshenga akifika kwa watu jambo la kwanza anataja waliomtuma. Ulinijibu kwamba kama nilijua ningesema mapema, usingekosa usingizi. Ulikuwa na mdomo. Sijui uliutoa wapi.

Salimu alikuwepo siku hizo. Nalitaja jina lake hapa kwa sababu hatujalitaja mezani muda mrefu, na jina la mtu si haramu. Yeye ndiye aliyekufungia paneli za sola juu ya bati na kukuwekea betri, ili umeme ukikatika mashine isizimike. Fundi mzuri wa Soni. Alikuwa anakaza skrubu moja kwa muda ambao fundi mwingine angeshafunga nyumba nzima, na mimi sikuwa mjinga, niliona skrubu zinakazwa zaidi ukiwa umekaa karibu.

Betri ile ilipokufa, Salimu akakupatia nyingine Soni, lakini mvua ilikuwa imeshusha udongo barabarani na bodaboda waligoma kupanda. Nikaenda kuichukua mwenyewe. Mzigo ule nusura unizike. Nilifika nyumbani natembea kama kaa, mabega yananiwaka moto, nikakuta mashine imezimika umeme ulipokatika, na kuwaka tena uliporudi, na kwenye kioo cha simu yako kuna maandishi makubwa ya Kiingereza na namba mia tano na mbili. Nikauliza inasema nini. Ukasema inasema lango ni baya.

Nilikasirika kweli, wala sikuwa natania. Nikauliza lango limekosa nini. Ukanieleza kwamba makontena yakizimika na kuwaka tena huweza kupewa anwani mpya, na mshenga wako alikuwa ameshika zile za zamani, akawa anabisha hodi kwenye nyumba ambazo watu wamehama. Haitikiwi. Basi anarudi kwa mgeni na ile namba. Nikakwambia hata kama ni hivyo, mshenga hawezi kumrudia mtu akamwambia lango baya. Kwa adabu za huku kwetu, wenyewe wakinyamaza, mshenga anakwambia wenyewe hawajajibu, usikate tamaa, pita tena. Ulicheka, ukanikanda mabega kwa maji ya moto. Nikakutaka uufute ukurasa ule mbaya, uniwekee wangu kwa Kiswahili cha watu wazima. Ukasema, "Kwa betri hii, Baba, nitakuandikia." Hujaniandikia mpaka leo.

Siku ile sikukwambia kitu kimoja. Ulipotaja kubisha hodi kwenye nyumba ambayo watu wamehama nilimkumbuka mama yako. Baada ya kumzika nilikaa muda mrefu nikimimina chai vikombe vitatu kila asubuhi. Wewe ulikuwa bado sekondari. Uliona, ukanywa cha kwako, kisha ukanywa na kile cha tatu, ili kisibaki kikanitazama. Naona kesho nitaanza tena, na safari hii hakuna wa kuninywea.

Sasa nifike penyewe, maana nimezunguka kama barabara ya Soni.

Uligombana na Salimu. Alikuwa amekuuliza ukishaolewa hizi mashine utamwachia nani, na alilisema vibaya, au wewe ulilisikia vibaya, sijui. Uliingia jikoni umevimba. Ukaniambia, na Salimu mwenyewe yuko uwanjani anasikia, "Baba, huyu akituma mtu hapa, mwambie mimi nimeshaolewa na mashine." Nilicheka mpaka nikaungua na chai. Neno lile lilinipendeza. Nikaliweka.

Hasira zako zikaisha. Kwa jua la kiangazi nilikuona unacheka naye kwenye ukuta wa nyuma, nikaona anakuletea matunda ya plamsi kwenye kofia. Niliona yote hayo. Sikukuuliza kitu, na sikulitoa lile neno pale nilipokuwa nimeliweka.

Ikaja masika. Ulikuwa Tanga kwenye mafunzo. Mzee Singano akaja, mshenga mwenzangu, amevaa kanzu safi na kofia mpya na viatu amevishika mkononi kwa ajili ya matope. Nilipomwona anavivaa pale kizingitini nilijua kilichomleta, maana hata mimi huvivaa pale pale. Akaketi, akazunguka na habari za kabichi na mvua kama inavyotakiwa. Kisha akasema ametumwa na watu wa Salimu, wameliona ua katika nyumba hii.

Zaina, hakuna mtu katika milima hii anayejua kuliko mimi kinachojibiwa hapo. Hutakiwi kujibu ndiyo, wala hapana. Unasema tumesikia, tuacheni tukawaulize wenyewe, rudini. Ni maneno machache. Nimeyapokea kwenye nyumba za watu mpaka ningeweza kuyasema nikiwa nasinzia. Na mimi, mbele ya mzee mwenzangu, nikasema, "Mwambie binti keshaolewa na mashine."

Nikacheka. Mzee Singano hakucheka. Alinitazama akaniuliza, "Ndiyo jibu?" Ningeweza kusema natania. Nafasi alinipa, alishika kikombe bila kunywa. Nikamsogezea sukari. Akaweka kikombe chini, akavua viatu akavishika tena, akaenda zake.

Utasema simu zipo, kwa nini Salimu asikupigie mwenyewe. Nimelifikiria hilo usiku mwingi. Ni kwa sababu neno lilikuwa lako, mama. Alishalisikia kwa masikio yake likitoka mdomoni mwako. Lingekuwa neno langu angelitilia shaka, kila mtu anajua mimi ni mtu wa mzaha. Lakini alirudishiwa lile lile, kwa sauti ya mzee wa heshima, akaamini limetoka ndani.

Uliporudi kutoka Tanga ukaniuliza nani alipita. Nikakwambia Mzee Singano alikuja kunisalimu. Hukuona kitu. Ulimpigia Salimu akakujibu kwa mkato, ukapiga tena akakujibu kwa mkato zaidi, ukaona amekuchoka, na wewe kiburi chako nakijua kwa sababu nimekukatia kutoka kwenye kitambaa changu. Mavuno yalipofika Salimu akaoa binti wa Korogwe. Siku ya harusi ulishinda hapo mezani na kompyuta, unasafisha vumbi kwenye feni yake kwa mswaki. Nilikuletea tunda la peasi. Hukuligusa.

Baada ya hapo lilikuja lile jambo la mkulima wa Kwai. Kompyuta ilikuwa imezidiwa na wageni, ukampa mshenga wako ruhusa ya kutunza nakala za majibu, ili mtu akiuliza swali lililokwisha kuulizwa asisumbue watu wa ndani, ajibu mwenyewe pale mlangoni. Kazi ikawa nyepesi. Lakini kikundi kilipobadilisha siku ya lori, mshenga aliendelea kutoa jibu la wiki iliyopita. Yule bwana akaja na kabichi zake, akakuta lori limeshuka jana. Alikaa juu ya magunia yake hapo barabarani kwenye ukungu, hakumtukana mtu. Ulikwenda kumwomba radhi mwenyewe. Uliporudi ulikaa ukabadilisha mipangilio, ukasema, wala hukuwa unasema na mimi, ulikuwa unasema na kioo, "Mshenga akijibu kwa kumbukumbu bila kuuliza ndani, ataangamiza mtu."

Nilitoka nje. Nilikwambia nakwenda kuangalia mbuzi. Sisi hatuna mbuzi.

Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa, ulikuwa umeufungua mwenyewe bila kujua. Nikakaa kwenye jiwe la kufulia mpaka baridi ikanirudisha ndani, nikakuta umelala umeegemeza kichwa mezani.

Mwezi uliopita ulikwenda Soni sokoni, ukakutana na Mzee Singano. Sikuwepo, ila yeye mwenyewe alinisimulia baadaye, na hakujua ananichinja. Ulimwamkia shikamoo, akaitikia, akakuuliza mume hajambo. Ukamwambia huna mume. Akasema, "Mashine. Baba yako si alinijibu umeolewa na mashine?" Anasema ulisimama pale na fungu lako la karoti, ukamshukuru, ukaondoka ukaziacha karoti.

Ulirudi, ukapika, ukapakua. Ukasema, "Baba, Mzee Singano anakusalimu." Basi. Nililitambua, lilikuwa jibu langu mwenyewe la siku uliyorudi kutoka Tanga, umenirudishia salamu ile ile. Asubuhi yake uliwapigia watu wa Dodoma, wale wa kazi ya seva uliowakatalia mara mbili, ukaanza kuhamisha makontena moja moja kwenda kwenye mashine ya kukodi.

Nimejiuliza kwa nini nilijibu vile. Nimejipa majibu mengi na yote nimeyatupa. Nilijisemea ni mzaha tu. Nilijisemea nilikuwa nalinda kazi yako. Ukweli ni mfupi na unaniaibisha. Viatu vya Singano vilipogusa kizingiti niliiona nyumba hii bila wewe, nikashika jibu lililokuwa karibu. Nilitaka ubaki. Kumbe Soni ni hapa chini tu, ungeolewa pale ningeshuka kila Ijumaa kukunywea chai na kukusumbua. Nikakuzuia usiende Soni, na sasa unakwenda Dodoma.

Siombi uniambie yameisha. Ukiniambia leo, utakuwa unanijibu kwa haraka uwahi gari, na nimeshaona majibu ya haraka yanafanya nini. Litakapotoka neno hilo, na litoke ndani. Kama halitoki, lisitoke.

Ila huko uendako, watu watakuuliza habari za watu. Bosi atakuuliza fulani anaweza kazi hii? Rafiki atakuuliza unadhani fulani bado ananikumbuka? Utakuwa na jibu tayari, zuri, la kuchekesha, lenye maneno ya mhusika mwenyewe. Nenda kaulize kwanza. Watu wanahama ndani ya miili yao, Zaina, na sura inabaki ile ile. Wewe hukuwa tena yule wa jikoni aliyevimba. Mimi niliendelea kumjibia mtu ambaye hakuwepo tena.

Na mimi usinitunzie nakala. Ukiulizwa baba yako ni mtu wa namna gani, usitoe jibu la mwezi huu. Nipigie uulize. Huenda nitakuwa nimebadilika kidogo, hata wazee hupewa anwani mpya mara moja moja. Jana nilipita kwa Mzee Singano nikamwambia mbele ya mkewe kwamba jibu lile halikuwa lako. Nilimwomba asilipeleke popote, Salimu ana mke na mke ana mimba, na yule binti wa Korogwe hana kosa. Nilitaka tu liwe limesemwa kwa yule niliyemdanganya. Akasema anaacha ushenga, amezeeka. Nikamwambia mimi niliacha masika ile, ila sikuwa nimemwambia mtu.

Meza ya cherehani imebaki na alama ya mraba pale kompyuta ilipokuwa, haina vumbi, inang'aa kuliko sehemu nyingine zote. Nimeifunika na kitambaa. Ukimya wa ile feni sikujua ungekuwa mkubwa hivi, nimezoea kulala ikikohoa. Kesho nitakuita jina asubuhi kwa mazoea, najijua, na chumba hakitaitika. Usihuzunike ukisikia. Nitakuwa nabisha hodi kwenye anwani ya zamani mpaka nizoee mpya.

Nimebakiwa na moja, na hili si ombi, ni deni. Mabega yangu bado yanalikumbuka. Uliniahidi kwa ile betri. Huko kwenye mashine mpya, kabla hujaanza kazi za wakubwa, mwambie mshenga wako aache kuwaambia watu lango ni baya. Ninayo maneno yenyewe, nimeyaandika hapa kwa uangalifu usije ukayasahihisha ukayaharibu:

"Karibu. Hodi yako imesikika. Wenyewe wako ndani, hawajajibu bado. Tafadhali usiondoke moja kwa moja. Pita tena."

Ukishauweka ukurasa huo, nitumie ujumbe tu kwamba upo, usihangaike kuandika zaidi. Nitaomba kijana yeyote anifungulie kwenye simu niusome. Na siku nikikupigia ukashindwa kupokea, nitajua nisome nini.

Baba yako